Pikipiki ya Dresa Yordani

Mkwangua kutu hukwangua na jina. Mmeisikia methali hii leo, vijana wangu, mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa Mbinga, kwa fundi mwenye mikono mizuri kuliko bahati yake, na chanzo chake ni hiki.

Gaudensi Kapinga alikuwa fundi pikipiki. Baba yake, Yordani, alikuwa dresa wa zahanati. Milima hii yote aliipanda kwa pikipiki akienda kufunga watu vidonda. Mwaka wa mvua kubwa alijaribu kuvuka mto Ruhuhu, maji yakamchukua. Watu walitafuta siku tisa, wakapata pikipiki tu, imekwama kwenye mawe, tangi limebonyea.

Ikawekwa kibandani. Marehemu hakuwa na kaburi, kwa hiyo mkewe, Mama Kresensia, akawa anakwenda pale kumwombea. Kwenye tangi Yordani mwenyewe alikuwa amechora kwa msumari: Y. Kapinga, Dresa. Kila mara Mama aliyapapasa maneno hayo kwa kidole, herufi moja moja, kisha akasema Amina.

Baada ya miaka thelathini na minne alipita Mzee Mfinanga wa Same, mtu anayekusanya pikipiki za kale. Alipoiona akavua kofia. Akaomba aiweke katika nyumba yake ya maonyesho, na kando yake aandike habari za dresa, watu wasome.

"Ichukue, baba," alisema Mama. "Mimi nikifa, nani atamkumbuka?"

"Nitarudi baada ya mwezi," alisema mzee. "Msijisumbue nayo. Iacheni hivyo hivyo."

Gaudensi akadhani hiyo ni adabu tu, kama mgeni anayesema ameshiba huku njaa inamuuma. Baba yake aende kwa watu na matope? Mama alipokwenda Songea kwa binti yake aliyejifungua, yeye akaingia kazini. Aligonga tangi hadi likanyooka. Alipiga msasa hadi chuma kikawa cheupe. Injini aliisugua kwa mashine mpaka ikawa kioo, akapaka rangi nyekundu mara tatu, akashona siti mpya. Alipomaliza alilia kwa furaha, masikini wa Mungu, maana alijiona amemtendea baba yake jambo.

Siku aliyorudi Mama, ndiyo siku Mzee Mfinanga naye alifika. Aliizunguka pikipiki mara mbili, akainama kwenye injini.

"Namba ya injini iko wapi?"

"Ilikuwa imeliwa na kutu, mzee. Nikaisawazisha."

"Na yale maandishi ya tangini?"

Gaudensi akapitisha kiganja juu ya tangi; lilikuwa laini lote.

"Mwanangu, kazi yako ni safi," alisema mzee kwa huruma. "Lakini nyekundu zinazong'aa ninazo tele. Ile ilikuwa moja tu. Sasa nikiwaambia watu huyu alikuwa dresa, nitawaonyesha nini?"

Akaaga, akaondoka mikono mitupu.

Gaudensi akachukua msumari, akachora upya juu ya rangi: Y. Kapinga, Dresa. Akamwita mama yake. Mama akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaenda nayo polepole mpaka ya mwisho. Hakusema Amina.

"Huu mwandiko wako, Gaude."

"Maneno ni yale yale, mama!"

"Maneno, ndiyo. Mkono si wake." Akakiondoa kidole. "Mwili ulichukuliwa na maji, nikanyamaza. Hiki kilichobaki umekichukua wewe, mwanangu. Sasa nikamwombee wapi?"

Mama hakukanyaga tena kile kibanda. Alikufa kabla ya mvua zilizofuata. Tangu hapo, mtu akimletea Gaudensi kitu cha mzazi wake akitaka king'arishwe, fundi huyo alikirudisha mikononi mwa mwenyewe bila kukifungua, akasema neno moja ambalo mji mzima ulikuja kulishika: mkwangua kutu hukwangua na jina.