Kinywa cha Waridi

Zamani, kabla bibi za bibi zetu hawajazaliwa, ua lililokatwa halikunyauka. Lilitiwa katika gudulia la maji mara moja tu, likakaa humo mpaka wenyewe walichoke, kisha likarudishwa bustanini likashika mizizi tena.

Wakati huo mwanamke mmoja, Riziki, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Alikuwa amezoea kushinda bustanini, na sasa desturi ilimweka ndani siku arubaini. Siku ya tatu akageukia ukuta, akaacha kula. Maziwa yakaanza kupungua, na mtoto akawa analia.

Mama mkwe wake, Bi Mwanatumu, akaliendea waridi. “Nenda ukakae na mke wa mwanangu.”

“Nikate,” likajibu, “mradi ninywe maji anayokunywa mzazi.”

Bi Mwanatumu akakubali, akalikata, akalitia katika gudulia chumbani. Riziki alipoliona aliketi, akanywa uji.

Lakini nyumba ile ilikuwa na mwiko: maji ya chumba cha mzazi hayamwagwi kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka. Bi Mwanatumu akaushika, akawa anaongeza maji mapya juu ya yale ya jana. Hakuwa mzembe; alikuwa mtiifu. Majani ya chini yakaoza, maji yakafanya utelezi. Siku ya sita waridi likainama, na Riziki akarudi ukutani.

“Uliahidi kukaa,” Bi Mwanatumu akaliambia.

“Nawe uliniahidi maji. Haya ungempa mkweo?”

Akanusa. “Hata mbuzi wa jirani nisingempa, na simpendi.”

“Basi kinywa changu kimeziba.”

Bi Mwanatumu akamsikia mtoto akilia. Kisha akalibeba gudulia hadi uani, akayamwaga maji. Akalisugua, akayapunguza majani ya chini, akakata ncha ya kikonyo, ndiyo kinywa chake, mshazari kwa kisu kikali, akatia maji ya kisimani.

Adhuhuri waridi liliinua kichwa. Riziki akageuka.

“Mama, naomba uji. Na samaki, kama yupo.”

“Yupo. Ulidhani tumekuwekea miba?”

Waridi likamwambia Bi Mwanatumu, “Sina kinyongo nawe. Ila nimekwisha kuonja uozo. Kinywa changu kitakuwa kinaziba, na bustanini sirudi.” Likakaa siku chache, mpaka kitovu kikaanguka, ndipo nalo likapukutika. Riziki alikuwa anakula bila kulitazama.

Na tangu siku hiyo ua likikatwa huwa na siku zake, nasi huziongeza kwa kisu na maji mapya. Ndiyo maana kila asubuhi mnaniona nikimwaga maji haya ya maua. Msiniambie bado ni safi. Nuseni kwanza.