Mkwanda Aliyehamisha Mto

Watu wa Sirudi, mnaolima bila kuulizwa ninyi ni wa nani, sikilizeni habari za aliyetupatia ardhi hii.

Zama hizo bendera mbili za Wazungu ziligawana nchi, na mpaka wao ulikuwa mto. Kaskazini, bwana hakuruhusiwa kumfuata mtumwa wake. Kusini aliruhusiwa, na askari walimsaidia kumfunga. Wazee wetu mia tatu, watoro wa mashamba ya pwani, walikuwa wamejenga upande wa kusini, ndani ya pindo ambalo mto ulilizunguka kama mkono uliokunjwa.

Kiongozi wao alikuwa Mkwanda mwana wa Nantindi, binti Achisulo wa nchi ya Wayao. Mkwanda Kifua-cha-Mvule, aliyekata minyororo ya watu arobaini kwa shoka moja na kuwavusha nyika siku tisa bila kumwacha mgonjwa hata mmoja.

Habari ikaja kwamba askari mia mbili watafika baada ya siku tatu, pamoja na mabwana na kamba zao. Wengi walitaka kuvuka. Mkwanda akakataa.

"Mtama umeiva. Tukiuacha, huko ng'ambo tutajiuza wenyewe kwa kibaba. Mimi sikimbii tena. Safari hii mto ndio utakaohama."

Akawaonyesha shingo ya pindo, hatua mia mbili za udongo. Wakiikata, maji yatapita kusini mwa kijiji, na kijiji kitakuwa kaskazini.

Siku ya kwanza ilipotea bure. Watu hao walikuwa wameapa kwamba hawatapimiwa tena ngwe, kile kipande ambacho nokoa, msimamizi wa shamba, humpimia mtumwa kila asubuhi. Kwa hiyo kila mmoja alichimba alipopenda. Jioni palikuwa na mashimo mia tatu na hapakuwa na mfereji.

Asubuhi Mkwanda alikuja na ufito wa kupimia. Zafarani, mwanamke aliyekuwa na makovu ya nokoa mgongoni, akasimama mbele yake.

"Nimetoroka ngwe ya Mwinyi Shehe, leo nipimiwe na mjoli, mtumwa mwenzangu?"

Mkwanda akampa ufito. "Basi nipimie mimi, dada. Mimi kwanza."

Zafarani akaenda moja kwa moja kwenye mawe, pale mfereji utakapokutana na mto, akapima ngwe mbili.

"Haya, mwinyi mkubwa. Usipomaliza, huli."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakapimiana, jirani kwa jirani, na majembe yakalia siku nzima, na siku ya tatu mfereji ulikuwa umenyooka, umebaki ukuta mmoja tu, wa mawe, katika ngwe ya Mkwanda.

Adhuhuri askari walitokea. Wapiga mishale wetu sitini na magobori manne wakawazuia kwenye vichaka. Mara tatu askari walikuja, mara tatu wakarudishwa, na risasi zilikata majani juu ya vichwa kama mvua ya mawe. Nokoa mmoja akapaza sauti: "Nyie watoro, mnachimba makaburi yenu?" Zafarani akamjibu: "Njoo ujipimie lako."

Mkwanda alikuwa chini, akiupiga ukuta kwa nyundo ya jiwe. Risasi ikampata begani. Akahamishia nyundo mkono wa pili. Jiwe la mwisho lilipong'oka, mto wote ukaingia kwa kishindo, ukamchukua.

Kapteni akafika ukingoni, akaitazama karatasi yake, akayatazama maji. Mabwana walimsihi avuke. "Karatasi inasema mto," akajibu, akageuza askari wake.

Watu walimtafuta Mkwanda siku saba, wasimwone. Siku ya nane Zafarani akashuka kwenye mkondo wa zamani, ambako samaki walikuwa wakioza topeni, akapanda mpunga, nao wote wakamfuata.

Miaka mingi baadaye wapimaji wa bendera zote mbili walikuja wakauliza jina la mto. Wakaambiwa Mkwanda. Wakaliandika kwenye ramani zao kwa wino, jina la mtoro, na mabwana wa pwani wakalazimika kulisoma.