Kwa Nini Kimanyoya Hakina Mwenyewe

Haya, mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mnaujua ule mmea mdogo unaotambaa kule juu mlimani, penye baridi ya kuuma masikio, kwenye kingo za mifereji ya maji. Leo nitawaambia kwa nini hauna ukoo wala mwenyewe, na kwa nini hata waliosoma wakiuinamia huinuka na ubishi.

Zamani haikuwa hivyo. Ruwa, Mungu wetu, alipomaliza kuusimamisha mlima, aliwagawia watu mimea kama baba anavyowagawia wanawe vihamba, mashamba ya ukoo. Hawa aliwapa migomba, wale ulezi, wengine magimbi. Kila mmea ulikuwa na wenyewe, na aliyetaka mbegu ya jirani alikwenda na kibuyu cha pombe ya mbege, akabisha hodi, akaomba. Akichukua bila kuomba, udugu wa koo hizo mbili ulivunjwa. Kuvunja udugu hakukuwa kupigana mapanga. Salamu zilikufa, moto haukuombwa tena kwa jirani, na kila mwanamke aliyeolewa upande wa pili alirudishwa kwao peke yake, watoto wakabaki kwa baba zao. Ndiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyeipenda isipokuwa makapera.

Juu kabisa waliishi watu wa Ukunguni. Chini yao, penye joto la kiasi, waliishi watu wa Mgombani. Mkunde alizaliwa Ukunguni, akaolewa Mgombani na Ndemasi, mwanamume mpole ambaye maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyabeba kwenye kiganja kimoja. Walikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya, hata kwa bibi yake wa juu hajapelekwa kuonyeshwa. Mkunde alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, na hakuona haya kulisema hilo mbele za watu.

Sasa, mwaka mmoja mvua zilizidi, na mfongo wa Mgombani, yaani mfereji wao wa kuteremsha maji kutoka juu, ukawa unabomoka. Wakiziba hapa, unapasuka pale. Nyasi walizopandikiza kwenye kingo zilikufa kwa baridi. Ndipo mtu mmoja alipouona ule mmea umejilaza juu ya tope, na pale ulipojilaza tope halikwenda popote. Wakaukata vipandevipande, wakaupanda kingo zote. Mwaka ule migomba ilikunywa maji ikasaza, na watoto wakanenepa. Walishukuru sana, lakini walimshukuru Ruwa peke yake. Jirani wa juu walimsahau.

Jirani hakujisahau. Wazee wa Ukunguni waliteremka na fimbo zao.

"Kile ni kimanyoya chetu," walisema. "Tunajenga nacho kingo tangu enzi za babu zetu. Mmechukua bila kubisha hodi."

"Chenu kina manyoya," wazee wa Mgombani wakajibu. "Chetu ni kilaini, hakina hata unywele. Ni mmea mwingine kabisa, hata ujomba hamna."

Na kweli, jani la kule juu lilikuwa na manyoya meupe kama sikio la paka mchanga, na jani la huku chini lilikuwa kipara kama mimi. Kila upande ulisema ulichokiona kwa macho yake, kwa hiyo hakuna aliyekubali kushuka.

Habari zilimkuta Mkunde akimenya ndizi na mama mkwe wake. Yule mama aliweka kisu chini.

"Mwanangu," alisema, "ukirudishwa, nani ataniambia kwamba mtori wangu umezidi chumvi?"

"Nitakuwa nakuambia kutoka kule juu, mama. Sauti yangu unaijua."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka kwa pamoja. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Mkunde alilisikia joto lake, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Jioni Ndemasi aliwaendea wazee wake akawaambia kwamba mke wake hamrudishi. Wakamwambia kwamba sheria haikumuuliza.

Akaitwa Meku Ndekirwa, mzee wa ng'ambo ya korongo, ambaye hakuwa wa juu wala wa chini. Kazi yake ilikuwa kuamua mmea upi ni wa nani, na katika maisha yake yote hakuwahi kushindwa. Alionja, alinusa, alihesabu majani, akatamka, na alichotamka hakikurudiwa. Aliwaita watu wote kwenye mfongo, hapo lilipo jiwe la mpaka, akawakumbusha sheria. Mmea ni wa pale ulipo mzizi wake. Utafuatwa kutoka jani hadi mzizi. Mzizi ukiwa Ukunguni, basi Mgombani wameiba na udugu umevunjika. Ukiwa Mgombani, basi Ukunguni wamewasingizia wenzao wizi, na udugu umevunjika vilevile.

Mkunde alisikiliza, akaelewa. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na siku ile aliuona msumeno wenyewe. Vyovyote mzizi utakavyosema, yeye angepanda mlima bila mtoto. Ng'ambo ya jiwe alimwona mama yake, Manka, amesimama na wanawake wa Ukunguni, akinyoosha shingo apate kumwona mjukuu kwa mbali.

Wazee wakapiga magoti wakaanza. Waliinua ncha ya mmea upande wa Mgombani, wakafika kwenye fundo la kwanza, na pale fundoni palikuwa na mzizi umezama udongoni. Watu wa Mgombani wakapiga vigelegele. Lakini shina liliendelea. Kwenye fundo lililofuata palikuwa na mzizi mwingine, na mbele yake mwingine, na shina likapita chini ya jiwe la mpaka bila kuomba ruhusa ya mtu, likaendelea kutia mizizi upande wa pili. Vigelegele vikahamia Ukunguni, navyo havikudumu.

Wakageukia manyoya. Mzee mmoja alisema, hapa yameanza. Mwenzake akasema, hapo bado, labda pale mbele. Wa tatu akaomba mwenye macho mazuri. Mahali palipokuwa na kipara hasa palijulikana, na palipokuwa na manyoya hasa palijulikana, ila katikati kila jani lilikuwa na manyoya machache kuliko jirani yake wa juu, na hakuna aliyeweza kuweka kidole akasema ni hapa. Wazee wa koo mbili zisizosalimiana wakawa wanatambaa bega kwa bega topeni, na mara moja vichwa vyao viligongana. Walipofika kwenye chemchemi, chanzo cha mfongo, wakidhani wamefika mwanzo, waliona shina limegawanyika na kuteremka tena upande mwingine.

Meku Ndekirwa alikaa chini, magoti yakimuuma. "Kuna anayejua kilipoanzia?" aliuliza.

Mkunde alisogea mbele akainama, kama ilivyompasa mwanamke mbele ya wazee.

"Meku, unisamehe. Umesema kitu ni cha pale ulipo mzizi wake. Mimi wangu wa Ukunguni ni yule mama pale. Wa Mgombani ndio huu nilioubeba mgongoni. Ukisema nirudishwe, utang'oa upi?"

Mzee aliugeukia mmea. Kwa mazoea ya kazi yake alishika shina kwa mikono miwili akavuta, apate angalau kipande cha kutazama vizuri. Kipande kilitoka, na ukingo ukatoka nacho. Maji yalichomoka, yakalowesha miguu ya wote, yakaanza kula udongo kuteremkia migombani na kuikausha chemchemi ya juu kwa pamoja. Hapo ubishi ulikwisha. Watu wa pande zote mbili walijitupa topeni wakakandamiza kwa viganja, huyu akiurudisha mmea, yule akimshikia, na Manka akajikuta amepiga magoti kando ya mama mkwe wa binti yake, mikono yao imezama kwenye tundu moja. Hawakuachia mpaka maji yalipotulia.

Walipoinuka, huwezi kumtambua wa juu na wa chini, wote wamekuwa tope tupu. Meku Ndekirwa alijifuta uso.

"Kesi hii siihukumu leo," alisema.

"Lini, Meku?" wakauliza.

"Siku nitakapoonyeshwa mwanzo wake. Mpaka siku hiyo udugu hauvunjwi, na mke harudishwi. Kama ni kimoja au viwili, mimi sijui, na aliyekiumba hakunituma nijue. Kila mtu akiite alivyozoea."

Akajikongoja kurudi kwake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaamua mimea mingine mingi, lakini hiyo hakuirudia. Watu wa Mgombani nao hawakungoja kesho. Jioni ileile walipanda na mbege, wakabisha hodi waliyoisahau, wakasema asanteni kwa maji, na asanteni kwa kutuudhi, vinginevyo tusingekuja. Manka alimpokea mjukuu wake, akamtazama vidole kimoja kimoja, akalia bila kujificha. Mkunde alikaa kando yake, na shukrani ilimjaa hata akashindwa kunywa.

Na tangu siku hiyo, mmea ule una majina mawili na hauna mwenyewe. Juu wanauita kimanyoya, chini wanauita kilaini, na anayeuhitaji huchukua, mradi ashukuru. Hata wataalamu hupanda siku hizi na vioo vyao vya kukuzia. Mmoja huteremka akisema ni aina moja, mwingine akisema ni aina mbili, na wa tatu husema apewe muda. Sisi huwakaribisha ndizi na kuwapa pole kwa miguu, maana kesi yenyewe bado haijahukumiwa.

Na binti akiolewa mbali na mlima huu, hatumwambii kwaheri. Mama yake humsindikiza hadi mwisho wa kihamba, humshika mikono yote miwili, na kumwambia, "Shika udongo wa kule, mwanangu. Wa huku usiuachie."