Jogoo wa Mkufunzi Lihundi

Mkufunzi Lihundi alikuwa na tumbo kubwa na sheria moja: zana ya kufundishia ikishaingia darasani ni mali ya shule, na mwanachuo atakayeiondoa amefeli. Muhula uliopita alimfelisha kijana wa watu kwa kurudi kwao na kibuyu chake alichofundishia.

Somoe alikuwa amebakiza kipindi kimoja tu cha kupimwa awe mwalimu kamili. Asubuhi ya kipindi hicho Lihundi akamvutia nyuma ya ofisi ya shule.

"Binti, wenzako wote wamenipa jogoo. Wewe unadhani ualimu unaokotwa?"

"Yupo, Mkufunzi. Mwekundu, mnene. Ila nikikukabidhi hapa, Mwalimu Mkuu ataona."

"Sasa?"

"Naingia naye darasani kama zana. Huko nani atamshangaa?"

Lihundi akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kumbe akili unazo."

Somoe akafundisha sehemu za mwili wa ndege, Mwalimu Mkuu naye akitazama kutoka nyuma ya darasa. Lihundi, macho kwenye mapaja ya jogoo, akampa alama zote, akatia sahihi, akamkabidhi Mwalimu Mkuu karatasi. Kisha akamkwapua jogoo, akamtia kwapani, huyoo mlangoni.

Somoe akamzibia njia.

"Mwalimu Mkuu, Mkufunzi bado ananipima. Anataka kuona kama nitaiacha zana ya shule iondoke."

Akamchomoa jogoo taratibu, akawapa watoto. Mwalimu Mkuu akapiga makofi, darasa zima likafuata.

"Umefaulu," Lihundi akasema kwa meno yaliyoumana, akaenda zake na kinyesi cha kuku kwenye koti.