Malengelenge ya Bibie

Mwenye kuficha ugonjwa huupa nafasi ya kukomaa. Wahenga walilijua hilo, wala hawakuwasema binadamu peke yao. Alikuwapo kinyozi mmoja, bingwa wa kunyoa ndevu, aliyefuga chatu mdogo katika sanduku la kioo sebuleni. Alimwita Bibie na kumpenda kama mboni ya jicho lake. Mkewe hakutaka hata kumsikia.

"Siku hilo dude likileta ugonjwa humu ndani," alionya, "ama zake ama zangu!"

Siku moja ngozi ya Bibie ilififia na macho yakafunga ukungu. Maskini, alikuwa anajiandaa kujivua gamba tu! Lakini kinyozi, aliyezoea kulainisha videvu vya wateja kwa taulo za majimaji, akamtandikia taulo hizohizo alalie. Zilipoanza kukauka, alileta nyingine. Loo! Gamba likabanduka vipande vipande, vingine vikagandia mgongoni, na tumboni yakachomoza malengelenge mekundu. Bibie akasusa chakula.

Je, kinyozi alisema? Thubutu! Alifunika sanduku kwa kitambaa na kila alipoulizwa alijibu, "Amelala." Moyoni alikuwa anawaka moto, maana alijua mkewe akigundua tu, Bibie hana kwao.

Alasiri moja alimpakata, lengelenge likampasukia kiganjani. Harufu yake ilimtoa machozi. Mkewe akatokea mlangoni.

"Kuna nini, baba watoto?"

Uongo ulimfika kinywani, akaumeza. "Bibie anaoza, mke wangu. Nimekuficha. Niliogopa utamtupa."

Mkewe alichungulia, akaziona zile taulo, akashika kiuno. "Nilisema likileta ugonjwa. Huu umeuleta wewe! Lete kikapu, twende kwa daktari wa wanyama."

Daktari alimgeuza Bibie taratibu. "Macho ya ukungu si ugonjwa, ni dalili ya kujivua gamba. Ugonjwa ni haya malengelenge, na ameyapata kwa kulalia unyevu. Mngekawia kidogo, yangeingia damuni mkamzika. Mlazeni pakavu. Gamba lililoganda msilivute, mtamchuna."

Akawapa dawa ya kuoshea na marhamu ya kupaka. Nyumbani, kinyozi aliidondosha pamba mara mbili kabla ya kugusa lengelenge hata moja.

"Hebu nipishe!" mkewe alifoka, akakunja mikono ya gauni. Tangu hapo akawa yeye ndiye muuguzi, akiosha na kugomba: "Tulia wewe, mtoto gani mtundu hivi!"

Majuma yakapita. Asubuhi moja Bibie alijivua gamba zima, kuanzia puani hadi mkiani, kama soksi. Tumbo lilikuwa safi, halina hata alama. Mke wa kinyozi alilinyanyua lile gamba juu, akatoka nalo barazani akipiga vigelegele.

"Majirani, njooni! Mgonjwa wangu kapona!"

"Wako tangu lini?" kinyozi akauliza, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Tangu uliponiambia ukweli," akajibiwa.

Bibie alikuwa hai kwa sababu siri ilitoka kabla ya roho, na hakika mficha maradhi, kifo humuumbua.