Asali ya Kalunde Mlangoni

Sikieni! Mnasikia? Basi itikieni, msikae kama magunia! Palikuwa na zamani, na nyuma yake palikuwa na zamani nyingine. Kisa changu ni cha ile ya nyuma kabisa, Unyamwezi ulipokuwa msitu mtupu, na wanaume wakienda pwani kwa miguu, mizigo mabegani.

Mihayo naye alikwenda. Alimwachia mkewe, Kalunde, mzinga mmoja wa gogo chini ya upenu, wenye nyuki wadogo wasiouma. Na desturi ilikuwa hivi, wajukuu: mume akiwa safarini, nyuki wake wakiruka, basi yu hai. Nyuki wakifa, watu wanaweka matanga, na mjane anarithiwa na shemeji. Eti nyuki ndio wajue! Lakini ndivyo walivyoamini.

Kalunde akangoja. Masika ya kwanza, akangoja. Masika ya pili, akangoja. Alimtamani mumewe hadi chakula kikamshinda. Kila asubuhi alichovya kidole kwenye asali, akapaka mlango wa mzinga.

"Kuleni, wanangu," anawaambia. "Shibeni, naye ashibe huko aliko."

Masika ya tatu nyuki wakaanza kupungua. Kila siku wamekufa chini ya mzinga, kila siku wamekufa. Asubuhi moja akaja Ngasa, mdogo wake Mihayo, kichwa ameinamisha.

"Shemeji, kaka hayupo tena. Tukubali tu. Keshokutwa wazee watakuja kuusikiliza mzinga."

"Keshokutwa bado," akajibu Kalunde. "Nenda kwanza."

Akaketi mbele ya mzinga kutwa nzima, hajala, hajanywa. Akaona nyuki wageni wakitua kwenye asali yake, wanalamba, kisha hao, ndani! Akawanyunyizia unga. Wale wenye unga wakatoka matumbo yamewajaa, wakapita juu ya maua wasiguse hata moja, wakashika njia ya msituni. Wakarudi na wenzao. Nyuki gani huyo asiyejua ua? Mwizi, watoto! Anakula jasho la mwenziwe.

"Mama wee!" akalia Kalunde. "Nimewaita mimi! Mimi, kwa mkono wangu!"

Akaosha mlango mpaka harufu ikaisha, akauziba kwa nta, akabakiza kitundu cha kupita nyuki mmoja. Siku ya pili yake akashinda pale, akiwafukuza wezi kwa tawi la majani.

Wazee wakaja. Mkubwa wao akatega sikio kwenye gogo. Kimya. Akatega tena. Kalunde ameuma midomo.

"Wapo," akasema mzee. "Wachache, lakini wapo. Mama, mume unaye."

Kalunde akacheka, halafu akaangua kilio.

"Ninaye, wazee wangu. Mbona basi nyumba yangu baridi hivi?"

Na msiniulize kama alirudi! Haya, mmeshauliza. Hakurudi. Mzinga ulijaa tena, nyuki wakawa tele, na Kalunde akazeeka akiwa mke wa mtu. Kila asubuhi aliketi upenuni, mikono mapajani, kidole kinamwasha kwa hamu ya kuchovya asali. Hakuchovya.

Ukimtamani aliye mbali, tamani, hakuna wa kukukataza. Lakini hamu ina harufu, na wezi wana pua.

Nimekitua hapa kisa changu. Anayekitaka ajitwishe, aende nacho kwao.