Kwa Nini Visu vya Ludewela Havifanani

Ulikuwapo wakati ambapo visu vya wawindaji wa vilima vya Ludewela vilikuwa sawasawa. Si kwamba vilikaribiana tu. Vililingana kwa urefu wa bapa, kwa unene wa mgongo, kwa uzito wa mpini, na hata kwa mlio wake vilipogongwa jiweni. Vyote vilitoka kwa mhunzi mmoja, Mtavangu, ambaye alipima kila kisu kwa ufito aliorithi kwa baba yake, na kile kilichozidi au kupungua alikirudisha motoni bila kumwonyesha mtu.

Jambo hilo lilihesabiwa kuwa neema, na hoja yake ilikuwa na uzito. Mwindaji aliyevunjikiwa kisu porini aliazima cha mwenzake, na mkono wake haukuona ugeni. Wakati wa kugawana nyama hapakuwa na aliyelalamika kwamba amezidiwa kwa ubora wa chuma. Wivu, ambao huvunja misafara mingi ya mawindo kabla wanyama hawajaivunja, haukupata pa kushika. Kwa sababu hiyo wazee waliweka mwiko: mkono usio wa mhunzi usiguse nyundo wala mivukuto.

Hata hivyo, mtu hutaka kuwa na kitu kilicho chake peke yake. Kila mwindaji alishikilia kwamba kisu chake hakina mfano, akakipa jina, akakipaka mafuta ya swala na kukishonea ala ya ngozi laini. Lugome, mtoto wa pekee wa mjane aliyeitwa Bibi Ng'umbi, alikuwa hodari wa majigambo hayo. Watu walipoketi kunywa pombe, alikipapasa kisu chake na kutangaza kwamba huyo ndiye mke wake mkubwa. Mdogo bado mama anamtafutia. Rafiki yake Kihwelo, ambaye tayari alikuwa ameoa, alimjibu, "Na utajuaje, bwana, kama huyo mkeo si wangu?" Watu walicheka, kwa maana kweli hapakuwa na namna ya kujua.

Mwaka mmoja wa kiangazi kirefu, wawindaji walifuata kundi la nyati hadi bonde lililo ng'ambo ya vilima. Moto ukazuka nyikani, upepo ukaugeuza, nyati wakarudi mbio katikati ya watu. Kila mtu alikimbilia upande wake. Walipokusanyika tena, Kihwelo na Lugome hawakuwapo. Moto ulipopoa walitafuta, na mahali palipokanyagwa sana na nyati wakakuta mabaki ya mtu mmoja, ambayo moto na fisi hawakuacha yatambulike. Kando yake kulikuwa na kisu, ala yake imekwisha kuungua.

Swali likawa ni cha nani. Halikuwa swali dogo, kwa sababu ya desturi ya Ludewela juu ya wafu. Marehemu alililiwa mara moja tu. Nywele za wafiwa zikishanyolewa na matanga yakishaondolewa, kaburi lile halikuliliwa tena, kwani iliaminika kwamba kilio cha pili humrudisha maiti njiani, asifike aendako wala asirudi atokako. Ilipasa basi jina la mwenye kaburi lijulikane kabla ya chozi la kwanza.

Wazee waliweka kisu juu ya ungo na kuwaita wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa Sekela, mke wa Kihwelo. Alikishika, akasema kwamba amekipaka mafuta kisu hicho jioni nyingi na kwamba kinakaa mkononi mwake kama kilivyokaa siku zote. Ni cha mume wake. Wa pili alikuwa Bibi Ng'umbi. Naye alikishika, akakigeuza kwa muda mrefu, kisha akakirudisha kwenye ungo taratibu na kusema si cha mwanawe. Mwanawe amepotea njia, atarudi.

Wazee walizipima kauli hizo kwa makini. Mmoja amekitambua, wa pili amekikana; kauli zote mbili zinaelekea mahali pamoja. Hukumu yao ilijengwa vizuri, ila msingi wake ulikuwa mtupu: kati ya wanawake wale hakuna aliyekuwa na njia ya kujua. Sekela alisema lile aliloliogopa, na Bibi Ng'umbi alisema lile alilolitamani. Hakuna aliyedanganya.

Mabaki yakazikwa kwa jina la Kihwelo. Sekela alinyolewa. Bibi Ng'umbi alikuwa wa kwanza kumshika mabega kaburini na kumwambia ajikaze. Alitia udongo wake pamoja na wengine, akalala msibani mpaka matanga yalipoondolewa, kama mama mwenye bahati anavyomfariji asiye na bahati. Aliporudi nyumbani alifagia chumba cha Lugome.

Mvua za kwanza zilipokuwa zimeotesha nyasi, Kihwelo alirudi. Nyati alimvunja mguu siku ile ya moto, na walina asali waliomwokota walimvusha mto na kumtunza kwao mpaka alipoweza kutembea kwa fimbo. Watoto waliomwona kwanza walikimbia. Sekela hakukimbia, alimwangukia palepale njiani, na vigelegele vikatoka nyumba hadi nyumba. Bibi Ng'umbi naye alitoka akipiga vigelegele. Alimkumbatia Kihwelo, na katika kumkumbatia mkono wake ukagusa kiuno chake. Akamwachia.

"Kihwelo, mwanangu," alisema, "hebu nipe hicho kisu."

Kihwelo akampa.

"Hiki ulitoka nacho hapa?"

"Ndiyo, mama. Hakijanitoka kiunoni."

Bibi Ng'umbi alikitazama, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

"Basi aliyelala kule ni wangu."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, kadiri maneno yale yalivyosambaa. Siku iliyompa Sekela mume ndiyo iliyomnyang'anya Bibi Ng'umbi mtoto, na watu hawakujua waingie nyumba ipi.

Bibi Ng'umbi aliwaendea wazee kuomba ruhusa ya kumlilia Lugome. Walimkatalia, nao wenyewe wakitokwa machozi. Kaburi lilikwisha kuliliwa. Kilio cha pili kingemtesa yule yule aliyetaka kumlilia. Bibi Ng'umbi aliuliza machozi aliyoyamwaga pale kaburini ni ya nani. Wazee wakamwambia, kwa upole, kwamba yalimwagwa kwa jina la Kihwelo.

Kutoka hapo alikwenda kwa Mtavangu. Hakumgombeza. Alisimama mlangoni, akangoja mhunzi aweke nyundo chini.

"Kazi yako ni safi, Mtavangu, na mimi silalamiki," alimwambia. "Lakini nilizaa mtoto mwenye kovu kwenye nyusi na kidole kilichopinda. Ningemtambua gizani. Wewe ukampa kisu cha kila mtu."

Mtavangu alipobaki peke yake aliuchukua ufito wa baba yake, akauvunja, akautia motoni. Kesho yake aliwaomba wazee waondoe ule mwiko, nao hawakubishana naye.

Wa kwanza kushika nyundo alikuwa Kihwelo. Kisu alichokifua kilivimba tumboni na mpini wake ukainama upande mmoja, kwani alisimama akiegemea mguu mzima. Wenzake wakamtania wakiuliza kama hicho ni kisu au jembe. Mtavangu alinyoosha mkono akirekebishe, kisha akaurudisha. Bibi Ng'umbi, aliyekuwa ameketi nje, aliomba apewe. Alifumba macho, akakipapasa kutoka ncha hadi mwisho wa mpini.

"Hiki ningekijua," alisema. Akainuka, akaenda zake. Ruhusa ya kumlilia Lugome hakupewa hadi alipokufa.

Ndivyo ilivyokuwa, na kwa ajili hiyo hadi leo katika Ludewela mwindaji hanunui kisu wala haazimi, bali hukifua mwenyewe. Mhunzi humwashia moto na kumwonyesha namna, lakini kosa la mkono wa mwenyewe halinyooshwi. Wageni wanaofika sokoni huvicheka visu vyetu, na sisi hatuna haja ya kuwaeleza. Kisu kikishapoa hupelekwa kwanza kwa mama, naye hufumba macho na kukipapasa, na mwindaji haendi porini mpaka mama aseme amekijua. Wako akina mama wanaokijua kwa mguso wa kwanza. Hata hao hukishika kwa muda mrefu na hawataki kukiachia, kwa kuwa hakuna kati yao asiyejua anajifunza kwa ajili ya siku gani.